Kwenda Iringa na Poti

Dada aliyekuwa akitulelea mtoto aliaga kwenda Njombe kumsalimia mama yake, akasema atarudi baada ya wiki moja. Aliyewahi kuishi Dar es Salaam na kuajiri dada anaijua wiki hiyo. Ilipita, ikapita na ya pili, simu yake ikawa haipatikani, na hatimaye jirani akatuambia kwa upole kwamba kuna mtu amemwona Makambako, anauza kwenye duka la nguo na amenenepa. Hatukumlaumu. Mimi mwenyewe ningepewa nafasi ya kukunja mashati badala ya kumkimbiza binti yangu na kijiko cha uji, ningekunja mashati.

Mama yangu, anayeishi Iringa, hakutaka maelezo marefu. "Nileteeni mjukuu wangu," alisema kwenye simu, "nyie mtafute dada taratibu." Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo na bosi wake hataki kusikia neno ruhusa. Kura ikaniangukia mimi. Binti alikuwa na miaka miwili na ushee, hajawahi kuvuka Kibaha, na mimi sijawahi kubaki naye peke yangu kwa muda unaozidi mechi moja ya mpira. Sasa tulikuwa tunakwenda kukaa kwenye siti moja, yeye na mimi, kwa karibu kilomita 500.

Kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, kilifunguliwa mwaka 2021 ili Ubungo ipumzike, lakini wapiga debe walihama pamoja na mabasi. Saa kumi na moja alfajiri mmoja alikuwa ameshashika begi langu, mwingine ananiuliza "Songea? Mbeya? Tunduma?" na wa tatu ameinama kumpa mkono binti yangu, ambaye alikuwa ameshamwambia shikamoo. Alikuwa kwenye ule umri wa kuamkia kila kitu. Nyumbani anamwamkia mlinzi, anamwamkia paka wa jirani, na friji likianza kunguruma analiamkia pia. Yule mpiga debe, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajishauri, aliitikia "Marahaba!" kwa sauti ya mzee wa kanisa, akamwambia mwenzake aachie begi, akatusindikiza hadi kwenye basi letu bila kudai hata mia. Sijaona jambo hilo likitokea tena pale kituoni.

Mlangoni mwa basi alisimama konda na orodha yake.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Miwili," nikasema.

"Mitano!" akasema mtoto, na kunyoosha vidole vyote vya mkono, kwa sababu kukunja vitatu ni kazi.

"Wa mitano ana siti yake, bosi. Nauli."

Nikaanza kujieleza. Hakuna kitu kigumu kama kumthibitishia mtu umri wa mwanao wakati mwanao mwenyewe yuko hapo anakupinga. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja aliyejifunga kanga kiunoni na kujitanda nyingine, mkononi ana kikapu. "We konda," alisema, "huyu wa miaka mitano? Magego yenyewe hayajatimia. Wapishe wapande, mbu wanammaliza mtoto." Konda akapisha. Bibi alikuwa anakwenda Makambako, na siti yake ilikuwa nyuma ya yetu. Kama ningejua pale mlangoni thamani ya bahati ile, ningembebea kikapu.

Ugomvi wa pili ulihusu poti.

Hapa inabidi niseme juu ya maagizo. Mke wangu alikuwa ameniandikia karatasi. Mtoto asivalishwe pampasi, kwa sababu tumehangaika miezi kumwachisha na hatutaki kurudi nyuma. Asipewe soda. Asinunuliwe chochote dirishani. Na aende na poti. Ile ya nyumbani ilikuwa imepasuka, hivyo akamnunulia mpya Kariakoo, ya bluu, yenye mshikio, na stika ya bei bado imebandikwa ubavuni. Mtoto aliipenda mno, akalala nayo. Konda alipotaka kuichukua ili aitupe kwenye buti pamoja na magunia, ulitoka ukelele ambao nadhani ulisikika Kimara. Poti ikapanda basi. Kuanzia hapo hadi Iringa nilikuwa nimempakata mtoto, na mtoto amepakata poti.

Agizo la soda lilivunjwa kabla ya Mlandizi. Mhudumu alipita na kreti, mtoto akasema shikamoo, mhudumu akayeyuka na kumpa mbili.

Sisi watu wazima tukipanda basi la mkoani tuna adabu zetu. Unamsalimia jirani yako mara moja, unamuuliza anashukia wapi, basi, kila mtu na simu yake. Mnaweza kukaa mabega yakigusana tangu alfajiri hadi jioni na msijuane majina. Mtoto wa miaka miwili hajui adabu hiyo. Tulipofika mto Ruvu binti yangu alikuwa ameshasimama juu ya mapaja yangu, amegeukia nyuma, na anatoa taarifa. "Dada ameenda," alimwambia bibi wa Makambako. "Baba anapika ugali mbichi." "Mama analala na simu." Bibi alikuwa anaitikia kila taarifa kwa kichwa, na mimi natazama dirishani nikijifanya nahesabu nguzo za umeme.

Kisha likaja swali ambalo niliulizwa na kila mwanamke aliyetuona safari nzima, kuanzia muuza maji wa Chalinze hadi mama lishe wa Mikumi: "Mama yake yuko wapi?"

"Kazini," nilijibu.

"Masikini," alisema bibi. Sikujua masikini ni nani kati yetu watatu.

Chalinze basi lilisimama kidogo tu, lakini Chalinze haihitaji muda. Kabla magurudumu hayajatulia, dirisha letu lilikuwa limejaa korosho, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, machungwa yaliyomenywa na miwani ya jua. Mimi nilikuwa nimekaza macho mbele, nikilikumbuka agizo la tatu. Mtoto hakuwa amesoma karatasi. Alinyoosha mkono, akachukua pakiti ya korosho, akaifungua kwa meno na kuimwaga kwenye poti. Kijana aliyekuwa anauza akanitazama kwa huruma ya mtu ambaye biashara yake imeshaisha. "Elfu tano, baba." Basi likaanza kuondoka, kijana anakimbia pembeni, mimi napekua mfuko uliokaliwa na mtoto. Nilimrushia noti, na yeye, kwa uungwana, akanirushia yai.

Mbele yetu alikaa mwanafunzi wa chuo, anasoma Mkwawa, ameziba masikio kwa vipokea sauti tangu Mbezi. Mtoto alimgusa bega na kumpa korosho moja. Akamshukuru, akala. Akampa nyingine. Kijana hakugeuka kuangalia zinatoka wapi, na mimi sikuona sababu ya kumharibia safari. Poti ilikuwa mpya.

Lile yai lilikuwa na historia yake. Binti yangu hali mayai. Dada, katika siku zake za utumishi, alikuwa amepata dawa ya tatizo hilo: "Usipokula, polisi anakuja." Tulimkataza, lakini tulimkataza kwa sauti ndogo, kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Sasa tulikuwa tumepita Mikese, yai limeshamenywa, liko mkononi mwake, amelikataa mara zote nilizombembeleza, ndipo basi likasimamishwa. Akapanda trafiki, nguo nyeupe zimenyooka, kofia kichwani.

"Habari za safari, abiria?"

"Nzuri!"

"Dereva wenu anaendeshaje?"

Huwa kuna kimya kidogo baada ya swali hili, ambapo basi zima linakumbuka kwamba bado linamhitaji dereva. Ndani ya kimya hicho nilihisi paja langu linatikisika. Mtoto alikuwa amelisukumia yai zima mdomoni. Mashavu yalivimba, macho yakatoka, mkono mmoja unashikilia kidevu ili yai lisirudi. Alitafuna bila kumwondolea macho askari, askari anazidi kusogea kwenye njia ya katikati, na alipofika kwetu binti yangu akafungua mdomo wazi, akatoa ulimi uliojaa kiini cha njano, akamwonyesha.

Trafiki alisimama. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Anasemaje?"

"Anasema amemaliza, afande."

Askari alitafakari jambo hilo. Nadhani mafunzo yao hayafiki huko. Kisha akampigia saluti, akamwambia "Vizuri sana," akashuka, na dereva tukamsahau sote, hata askari. Bibi wa Makambako alikuwa anacheka ndani ya kanga mpaka siti yetu inatikisika.

Morogoro tuliingia Msamvu, milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu. Hapo ndipo nilipoanza kuhofia kibofu cha binti yangu. Nilimuuliza, "Mama, umekojoa?"

"Ndiyo!" akasema, na kujipigia makofi.

Nilimpapasa. Mkavu. Niliangalia poti. Korosho.

Hilo lilikuwa kosa la nyumba nzima. Tangu tuanze kumfundisha poti, kila alipofanikiwa tulimpigia makofi: mama, dada, mimi, na siku moja mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi naye alipiga. Mtoto hakuchelewa kugundua kwamba makofi yanakuja hata ukisema tu kwamba umekojoa, na kusema ni rahisi kuliko kukaa. Kwa hiyo kwa miezi hiyo swali la kukojoa lilikuwa na jibu moja, kavu au lowa, na jibu hilo lilikuwa ndiyo.

Baada ya Morogoro konda alitangaza kuchimba dawa. Basi likaegeshwa penye vichaka kabla ya kufika hifadhini, maana ndani ya hifadhi dawa unaweza kuichimba pamoja na nyati. Anayesafiri njia hii anaijua sheria ambayo haijaandikwa popote: wanaume upande huu wa barabara, wanawake upande ule. Abiria waligawanyika bila kusemezana. Nilibaki mimi kwenye ukingo wa lami, mtoto wa kike mkono wa kushoto, poti tupu mkono wa kulia. Nikienda na wanaume namwingiza mtoto kwenye mambo ya wanaume. Nikienda na wanawake, naona vichwa vya habari. Nikafikiria kumweka hapo hapo barabarani kwenye poti yake, katikati ya Mbeya na Dar es Salaam, na malori yakipita kuelekea Zambia.

"Lete mtoto," ilisema sauti ya bibi. Alikuwa ameshaivua kanga ya juu na kuikunjua.

"Na poti yake hii, bibi."

"Ya nini?" Lakini aliipokea, kwa heshima.

Yaliyotokea huko sikuyaona, nina masimulizi tu. Walirudi mtoto ameshika ncha ya kanga, poti ameivaa kichwani. Bibi alinirudishia taarifa kwa kifupi. Mtoto alipoona wanawake wazima wamejipanga nyuma ya kanga kwenye majani, na mmoja wao ana wigi zuri la hadi kiunoni, aliitazama poti kama kitu cha watoto. Alikataa kuikalia. Alitaka kama shangazi. Akapewa nafasi yake kwenye mstari, akafanya kama shangazi, akapangusa miguu kwa majani kama shangazi.

Alipopanda ngazi za basi alisimama karibu na dereva, akainua mikono juu na kuwatangazia abiria wote: "Nimechimba dawa!"

Konda alianza makofi, na basi likafuata. Huko nyumbani tulikuwa watu wanne au watano. Hapa walikuwa hamsini. Nilijua hapo hapo kwamba poti ya bluu haina kazi tena duniani, labda ya korosho.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikatiza kwa kilomita zipatazo 50. Mchana dereva haruhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa, na kuna matuta ya kumkumbusha, na mabango yenye faini ya kila mnyama utakayemgonga. Kwa abiria wa kawaida hii ndiyo hifadhi ya bure. Watalii wanalipa kwa dola, sisi tunalipa kwa mgongo. Nilikuwa nimemwandaa mtoto kwa wiki nzima. Tulikuwa tumetazama picha za tembo, tumeigiza mkonga, tumenyoosha shingo za twiga. Na siku hiyo hifadhi ilitoa kila ilichonacho. Pundamilia walikuwepo, twiga wawili walivuka barabara mbele yetu kwa ule mwendo wao wa kutokuwa na haraka na mtu, na kushoto, karibu kabisa, kundi la tembo na kitoto chao. Basi zima lilihamia upande mmoja. Simu zilitoka. Hata mwanafunzi wa Mkwawa alivua vipokea sauti.

"Mama, tazama! Tembo! Tembo na mtoto wake!"

Hakutazama. Alikuwa ameinama juu ya poti, ulimi nje, ukucha wa kidole gumba unachokonoa pembe ya stika ya bei. Imenyanyuka kidogo. Imekatika. Anaanza pembe nyingine. Nilimgeuza kichwa kwa mkono, akakirudisha. Nilimnyanyua juu ya dirisha, akaendelea kuchokonoa akiwa hewani. Tembo wakapita, wakawa vumbi, wakawa kichaka, na hapo stika ikatoka nzima. Alishangilia. Aliibandika mgongoni mwa siti ya mwanafunzi, akaipiga kofi ili ishike, akanitazama apate kujua kama nimeona.

Mnyama pekee aliyemtambua alikuwa nyani. Karibu na mwisho wa hifadhi alikuwepo mmoja, mkubwa, mvi begani, amekaa ukingoni mwa barabara mikono juu ya magoti. Basi lilikuwa linapanda tuta, polepole sana. Binti yangu alimwona mzee amekaa nje, hana shughuli, anatazama wapita njia, na kwa mtoto aliyelelewa vizuri hapo kuna jambo moja tu la kufanya.

"Shikamoo, babu!"

Kimya. Nyani alijikuna. Kisha kutoka siti za nyuma kabisa, ambako kuna watu sikuwa nimewaona tangu asubuhi, sauti nzito ya kiume ikajibu: "Marahaba, mjukuu wangu, hamjambo huko kwenu?" Dereva alicheka hadi akapitiliza gia.

Chakula cha mchana mjini Mikumi kilitangazwa kuwa cha dakika kumi. Sina mengi ya kusema kuhusu hicho chakula. Dakika kumi kwa mtoto wa miaka miwili ni muda wa kuchagua chipsi ya kwanza. Nilimaliza sahani yake na yangu nikiwa nimesimama, yeye akawa amelala kabla hatujatoka nje ya mji, na bibi alimchukua siti ya nyuma, akamfunika kanga ile ile ya vichakani. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi tangu Doma. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama zetu hawasafiri bila kanga. Siku hiyo kanga moja ilikuwa choo, shuka, leso, na pazia la jua, na jioni nilimwona bibi amefungia ndani yake mkate.

Mtoto alipoamka tulikuwa kwenye bonde la mibuyu, mto Ruaha unaonekana na kupotea kando ya barabara. Joto la mahali hapo halifanani na la Dar. Ruaha Mbuyuni ni nchi ya vitunguu. Wanalima kwa maji ya mto, na barabarani vimewekwa kwenye ndoo na sado na mifuko ya nyavu, vyekundu, vinang'aa. Basi liliposimama kushusha mtu, vijana walikuja mbio.

Mtoto alikuwa dirishani amesimama, ametoka usingizini na furaha ya mtu aliyeshalala. Aliwapungia mkono. Mkononi alikuwa na poti. Ilimponyoka.

Nilichungulia chini. Kijana mmoja alikuwa ameshaiokota. Aliigeuza, akaipima kwa macho. Chombo cha plastiki, kina mshikio, ukubwa wa sado, kimeshushwa dirishani na mteja. Ni biashara gani nyingine angeielewa? Aliinama kwenye rundo lake, akajaza, akapanga juu vitunguu vikubwa mpaka vikafanya kilima, akaongeza viwili vya nyongeza kwa ajili ya mtoto, akatuinulia kwa mikono miwili.

"Elfu nne, mzee. Nimekujazia vizuri."

Nililipa. Ningefanyaje? Mtoto alikuwa anapiga makofi, na vitunguu vyenyewe vilikuwa vizuri kweli. Bibi wa Makambako aliinuka, akachungulia juu ya siti, akavitazama vitunguu, akaitazama poti, akakaa. "Mpya," nilimwambia bila kuulizwa. "Mm," alisema.

Kitonga kila dereva anaiheshimu. Barabara inajikunja kupanda ukingo wa mlima, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande mwingine, na malori yaliyobeba mizigo ya Tunduma na Kongo yanapanda kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka angeshuka atembee. Tulikuwa nyuma ya mojawapo. Lilitoa moshi, likakoroma, likakaribia kusimama. Binti yangu alilitazama kwa uso wa huzuni. Akashuka mapajani, akaweka viganja viwili mgongoni mwa siti ya mwanafunzi, akakaza miguu na kusukuma.

"Baba, sukuma!"

Nilisukuma kidogo, kwa aibu. Alinikagua, akaona sijasukuma. Akageuka nyuma. "Bibi, sukuma!" Bibi alisukuma siti yangu. Yule mwenye sauti nzito kule nyuma akaanza kuhesabu, "Haya! Moja, mbili!" na kufikia kona iliyofuata nusu ya basi ilikuwa imeshika siti za mbele, watu wazima wenye kazi zao na vitambulisho, wanaimba "Su-kuma! Su-kuma!" Mwanafunzi, ambaye ndiye aliyekuwa anasukumwa, alivua vipokea sauti na kuviweka kwenye begi. Lori lilifika juu. Mtoto alijifuta jasho ambalo halikuwepo.

Ilula tulipita bila kununua nyanya. Kwa mwanya wa dirisha iliingia hewa nyingine kabisa. Ilikuwa Julai. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai haina utani na mtoto wa Dar aliyevaa kandambili. Stendi ya Igumbilo tulishuka jua linazama, na kushuka kwenyewe kulichukua muda kwa sababu ilibidi kuaga. Mtoto alimpa mkono dereva. Mwenye sauti nzito alikuwa mtu mfupi, mwembamba, aliyevaa koti la suti. Mwanafunzi aliomba apige naye picha. Bibi wa Makambako, ambaye jina lake sikuliuliza hadi leo, alimbusu kwenye utosi, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mwambie mama yake umejitahidi." Basi likaendelea na safari yake ya Mbeya.

Mama yangu alikuwa mlangoni amejitanda shuka. "Kamwene, mwanangu!" alimwambia mjukuu wake. Mtoto, ambaye siku nzima yeye ndiye aliyekuwa akiamkia dunia, aliisikia salamu asiyoijua, akaipima, akaamua kwamba safari hii ni yeye anayeamkiwa.

"Marahaba," alisema.

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha alimpeleka bombani kumnawisha, na sote tukasikia ukelele. "Yanang'ata!" Alikuwa anayatazama maji kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na rafiki. Alivalishwa sweta la baba yangu, likamfika kwenye vidole vya miguu.

Jikoni, mama alishangilia vitunguu. Alisema vya Mbuyuni ndivyo vitunguu, vya sokoni siku hizi maji tu. Alivimimina kwenye ungo, akamenya viwili, akaanza kukatakata vya kuunga maharage, poti ameiweka kando bila kuiangalia sana. Mafuta yalikuwa jikoni yameshapata moto. Ndipo mke wangu akapiga simu ya video, na mtoto akaishika kwa mikono miwili, pua inajaza kioo.

"Mama yangu! Umeona tembo?"

"Hapana."

"Umeona nini?"

"Babu."

"Babu gani?" Aliacha hilo. "Na poti? Umekojoa kwenye poti mpya?"

Nilijua jibu kabla halijatoka. Nilinyoosha mkono kuchukua simu.

"Ndiyo!" alisema binti yangu kwa sauti ya kufika hadi kwa majirani.

Kisu cha mama kilisimama katikati ya kitunguu. Aliigeukia poti ya bluu, kwa mara ya kwanza akaiona. Akanitazama mimi.

"Mama, haijatumika, ni mpya kabisa," nilimwambia, "hata stika ya bei..." Niliinua poti kumwonyesha ubavu. Stika wakati huo ilikuwa imeshapita Mafinga, imebandikwa mgongoni mwa siti, inakwenda Mbeya. Na kwenye simu mke wangu alikuwa anapiga makofi.